Somo la Afya: Dawa Mpya ya Kifafa Hupimwaje?

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na daftari lake. Leo tutajifunza jinsi dawa mpya inavyopimwa. Mfano wetu ni dawa ya kifafa iitwayo senobameti.

Kifafa si pepo, wala povu la mgonjwa haliambukizi. Ni maradhi ya ubongo. Kwa wengine huanzia sehemu moja tu ya ubongo: pengine mkono mmoja hutetemeka, pengine mtu hukodoa macho asijibu. Dawa za zamani huwafaa wengi, lakini si wote.

Mwaka 2020 yalitangazwa matokeo ya jaribio la watu wazima 437 wenye kifafa cha namna hiyo. Wote walikuwa wakishikwa ingawa walimeza dawa nyingine, na hawakuachishwa dawa hizo. Waligawanywa kama kwa kura, wakawa mafungu manne. Fungu moja lilipewa vidonge vitupu, visivyo na dawa. Mengine yalipewa miligramu 100, 200 au 400 kwa siku. Mgonjwa hakujua amepewa kidonge gani, wala daktari wake hakujua.

Kwa nini vidonge vitupu? Kwa sababu maradhi huweza kupungua yenyewe, na matumaini nayo humpa mtu nafuu. Katika fungu hilo, watu 25 katika kila 100 walipungukiwa na kifafa kwa nusu au zaidi. Katika fungu la miligramu 400 walikuwa 64 katika kila 100. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya dawa.

Lakini sikilizeni. Katika majaribio ya dawa hiyo, watu watatu walipata madhara makubwa ya ngozi na viungo vya ndani, na mmoja alikufa. Kipimo kilikuwa kimepandishwa upesi. Basi madaktari wakaanza na miligramu 12 na nusu, wakaongeza kidogo kidogo kila majuma mawili. Watu 1,339 walianzishwa hivyo, na hakuna hata mmoja aliyepata madhara yale. Haraka haraka haina baraka, hata katika dawa.

Kwa hiyo, ukipewa dawa ya kifafa usizidishe kipimo, wala usiiache ghafula. Muulize daktari kwanza.

Sasa jadilianeni:
1. Kwa nini daktari naye hakuambiwa nani amepewa dawa?
2. Toa 25 katika 64. Hesabu hiyo yatufundisha nini?

Kwaherini.