Redio za Upepo Mlimani Kilimanjaro: Matengenezo Salama Huokoa Maisha

Oktoba 11, 2020 moto ulizuka eneo la Whona, kituo cha mapumziko kilichopo kati ya Mandara na Horombo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro. Askari wa uhifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wananchi wa vijiji jirani walipanda kuukabili. Katika tukio la aina hiyo, walio upande mmoja wa korongo hawawaoni wenzao wa upande wa pili. Habari kwamba upepo umegeuka huwafikia kwa redio ya upepo, au isiwafikie kabisa.

Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL) lilizindua huduma ya intaneti Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, redio ya upepo ingali na nafasi yake, kwani msemaji mmoja husikika kwa wote walio katika masafa hayo kwa wakati mmoja, bila kutegemea mtandao wa simu.

Adui wa kwanza wa redio mlimani ni baridi. Betri ya lithiamu hupungukiwa nguvu kwenye baridi kali, na kuichaji ikiwa chini ya nyuzi joto 0 huiharibu kwa ndani na huweza kuleta hatari ya kuungua baadaye. Hivyo betri ya akiba ibebwe ndani ya koti, na iachwe ipate joto la kawaida kabla ya kuchajiwa; kamwe isianikwe jikoni. Betri iliyovimba itolewe kwenye matumizi bila kutobolewa.

Betri za asidi zinazotumika vituoni hutoa gesi ya haidrojeni zinapochajiwa. Chumba chake kiwe na hewa ya kutosha, pasiwe na sigara wala cheche, na fundi avue pete na saa ya chuma kabla ya kugusa nyaya.

Redio iliyotoka kwenye baridi isifunguliwe papo hapo ndani ya chumba chenye joto, kwa kuwa unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya sakiti. Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile, si kwa kipande cha waya. Aidha, kitufe cha kusemea kisibonyezwe bila antena, maana nguvu isiyo na pa kutokea hurudi na kuharibu mtambo.

Kabla ya kupanda mnara, mtambo uzimwe na tangazo la onyo liwekwe kwenye swichi. Fundi avae mkanda wa usalama na asiwe peke yake. Ngurumo ikisikika, ashuke hata kama mvua haijafika. Waya wa kupeleka radi ardhini ukaguliwe kabla ya masika.

Matumizi ya masafa husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Fundi asibadilishe masafa ya redio bila kibali, kwani anaweza kuingilia mawasiliano ya waokoaji.

Mwisho, kila kundi lijaribu redio zake langoni, liite na kujibiwa. Kasoro inayogundulika Marangu hurekebishwa kwa dakika chache. Ikigundulika Kibo, usiku, mgonjwa akihitaji kushushwa, huwa imechelewa.