Amana Zilizokwama Njiani

Katika droo ya meza, miongoni mwa funguo zisizojulikana kufuli zake, betri kuukuu na vifungo vya shati, huenda kimelala kibati kidogo chenye tundu, kilichochorwa mdudu ambaye mwili wake ni mistari myeusi kama ile ya bidhaa za dukani. Kando yake zimechongwa herufi na tarakimu. Pengine kiliachwa na mgeni aliyekuja kutazama wanyama, au mtoto alikiokota akakifanya mkufu. Wengi hukidhania kuwa pambo la ufunguo. Kumbe kina mwenyewe, na mwenyewe huyo, aghalabu akiwa mbali sana, angali anangoja habari zake.

Kibati hicho ni cha mchezo uitwao jiokashingi, yaani kusaka makasha yaliyofichwa kwa kufuata ishara za setilaiti. Mchezo huu ulizaliwa Marekani. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali ya nchi hiyo iliacha kuzivuruga kwa makusudi ishara ambazo raia walizitumia kujua mahali walipo, na kosa lililoweza kufika mita 100 likapungua mno. Tarehe 3 ya mwezi huo Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza katika intaneti vipimo vya mahali ilipo. Ndani yake, pamoja na vitu vingine, mlikuwa na kopo la maharage. Leo makasha ya namna hiyo yamezidi milioni 3 duniani. Lile kopo la maharage nalo lilipatikana baadaye, likapewa nambari na kufanywa msafiri.

Msafiri, kwa lugha ya mchezo huu, ni kitu kisichokusudiwa kukaa. Mwenyewe hununua vibati viwili vyenye nambari moja; kimoja hukiweka nyumbani, cha pili hukifunga kwenye mwanasesere, gari la kuchezea au kitu chochote kidogo, kisha hukitia katika kasha la kwanza. Wako pia wasafiri walio sarafu, nambari ikiwa imechongwa juu yake. Katika tovuti ya mchezo mwenyewe huandika shabaha ya safari: kitu kifike baharini, kizunguke mabara yote, au kirudi nyumbani. Anayekikuta hukichukua, hukiandikisha, na kukitia katika kasha jingine. Yule asiyeweza kukisaidia hukiacha pale pale. Kwa hiyo aliyekishika hakumiliki, amewekewa amana.

Hapo ndipo penye udhaifu wa mchezo wote. Msafiri huenda kwa uaminifu wa watu wasiofahamiana, na mkono mmoja ukilegea safari imekwisha. Mtu hutoka likizoni na sarafu mfukoni, akaining'iniza suruali kabatini, akasahau. Mwingine huuacha mchezo wenyewe, na wasafiri waliokuwa mikononi mwake hubaki katika jina lake miaka na miaka. Kasha hufagiliwa na mafuriko, au huokotwa na mtu asiyejua maana yake. Aidha wako wanaoipenda sarafu kwa uzuri wake wakaifanya yao, na hilo, tuseme bila kumung'unya maneno, ni wizi. Katika nchi zetu hizi makasha ni machache kuliko ya Marekani au Ujerumani, na msafiri aliyeletwa na mtalii aweza kukaa muda mrefu bila kupata wa kumsukuma mbele.

Msomaji atauliza: mwanasesere wa shilingi chache una uzito gani? Thamani yake haiko dukani. Baadhi ya vitu hivi hutumwa kwa ukumbusho wa marehemu, vizione vilima ambavyo yeye hakujaliwa kuviona. Vingine hutumwa na watoto wa shule, wakafuata mwendo wake kwenye ramani ya darasa. Hata chombo cha Marekani kiitwacho Perseverance, kilichotua katika sayari ya Mirihi tarehe 18 Februari 2021, kimebeba kisahani chenye nambari ya msafiri. Angalau huyo hakuna atakayemsahau kabatini.

Basi, ukimpata aliyekwama, kwanza soma nambari. Ikiwa imesuguliwa, pitisha chaki juu yake kisha futa taratibu. Unga wa chaki hubaki ndani ya michongo. Angalia usichanganye 8 na B. Fungua tovuti iliyoandikwa kwenye kibati, kwa simu au katika mkahawa wa intaneti, ujiandikishe bila malipo, uitie nambari hiyo. Itakuonyesha jina la msafiri, shabaha yake, na mahali alipoandikwa mara ya mwisho.

Huenda daftari likasema yumo katika kasha la nchi nyingine, au yumo mikononi mwa mtu fulani. Usistaajabu. Ikiwa tarehe ni ya juzi, subiri siku chache, kwani huenda aliyemweka yungali safarini na hajaandika. Ikiwa ni ya miaka iliyopita, andikisha kwamba sasa yuko kwako. Mwenye nambari huruhusiwa kufanya hivyo, hata kama msafiri ametangazwa kuwa amepotea. Lakini nambari ile usiitangaze wala usiipige picha ikaonekana. Ni siri ya aliyekishika kitu. Ya hadharani ni nyingine, ianzayo kwa TB.

Kisha mwandikie mwenyewe kupitia tovuti, ukimweleza kitu kiko wapi na kina hali gani. Kama mwanasesere ameoza, mwambie. Kibati kikiwa kizima aweza kukubali kifungwe kwenye kitu kingine. Asipojibu, fuata shabaha yake kadiri uwezavyo. Safisha, kausha, kitie katika mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya kueleza shabaha hiyo, kisha chagua kasha linalotembelewa mara kwa mara, si lile la kichakani ambalo mtu wa mwisho kulifungua alikuja mwaka juzi.

Na pale ambapo hakuna kasha karibu, mpe msafiri wa kweli: jamaa aendaye mji mkuu, au mgeni anayerejea kwao, mradi ni mtu anayeujua mchezo na ameahidi kuandika. Mwenyewe akitaka kirudishwe kwake, kibati kitupu huingia katika bahasha ya kawaida. Muulize kwanza anuani, na kabla ya kuifunga bahasha andika katika tovuti siku uliyokipeleka posta.