Msimu wa uzi Bondeni: nunueni pamoja, na pesa zifike salama

Mvua ya masika ikianza kunyesha Nakuru, kati ya Machi na Mei, duka la nyuzi la mtaani hugeuka baraza. Mteja haji tu kununua bonge moja na kwenda zake. Anakaa kwenye benchi mvua ipungue, na mikono haikai bure: huyu anafuma sweta ya mtoto mchanga, yule anamalizia vitambaa vya kochi, mwingine anaonyeshwa jinsi ya kuanzisha safu ya kwanza. Likizo ya Aprili ikifika, watoto nao huletwa wajifunze kushika sindano badala ya kuzurura.

Hii si kazi ya kupitisha wakati tu. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai haina mchezo. Isitoshe, muhula wa pili ukifunguliwa, wazazi hutafuta sweta za shule. Fundi wa Bondeni anayetaka kuuza wakati huo lazima awe na uzi mkononi mapema. Hapo ndipo chama kinapoingia.

Rangi moja, bechi moja

Muulize muuza nyuzi yeyote mzoefu, atakwambia: uzi wa rangi ya samawati ulionunua leo unaweza kutofautiana kidogo na ule utakaonunua mwezi ujao, hata kama kampuni ni ile ile. Uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na kila fungu hupewa namba yake ya bechi kwenye lebo. Dukani huoni tofauti. Ukishafuma mwili kwa bechi moja na mikono kwa bechi nyingine, mtoto akisimama juani kila mtu ataona.

Kwa sweta za shule, kosa hilo ni hasara. Mzazi anaweza kuikataa sweta, na uzi umeshakatwa. Ndiyo maana mafundi wengi hupenda kununua uzi wote wa oda kwa siku moja. Lakini nani ana pesa hizo zote kwa wakati mmoja?

Tuseme chama kina watu 12. Kila mmoja akituma shilingi 100 kwa wiki, kuanzia wiki ya kwanza ya Machi, baada ya wiki 8 kuna shilingi 9,600. Kwa M-Pesa, wakati wa kuandika makala haya, kumtumia mtu shilingi 100 au chini ya hapo ni bure. Kwa hivyo shilingi 100 kila wiki hazikatwi ada ya kutuma. Ukingoja utume shilingi 800 kwa mpigo, utatozwa. Kumbuka pia kwamba mweka hazina akienda kwa wakala kutoa pesa taslimu, kuna ada. Ni afadhali alipe duka moja kwa moja kupitia namba yake ya Till.

Pesa za watu kwenye simu ya mtu mmoja

Vyama vingi havivunjwi na wizi. Huvunjwa na shaka. Pesa za chama zikichanganyika na za unga na za nauli kwenye simu ya mweka hazina, hata yeye mwenyewe hatajua ni kiasi gani cha kikundi. Fanyeni hivi:

- Mweka hazina awe na laini ya chama peke yake. Asiitumie kwa mambo ya nyumbani.
- Kila mchango ukiingia, aandike kwenye daftari jina, tarehe na namba ya muamala iliyo kwenye SMS. Mwenzake mmoja akague kila wiki.
- PIN ibaki kwa mwenye laini. Asiitaje hata kwa mwenyekiti, wala kwa mtu anayepiga simu akidai anatoka kwa kampuni.
- Chama kikikua, kisajilini. Kenya ina Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Kikundi kilichosajiliwa ni rahisi zaidi kufungua akaunti inayohitaji sahihi za watu kadhaa.

Kwa mwenye duka: angalia salio, si SMS ya mteja

Msimu ukishika kasi, duka hujaa na haraka huanza. Mteja anakuonyesha simu yake: "Mama, nimeshatuma, ona hii meseji." Usifunge mzigo bado. Meseji ya mteja si malipo. Subiri ujumbe uje kwenye simu yako, uone umetoka kwa jina rasmi la huduma wala si namba ya kawaida, kisha hakikisha salio limeongezeka. Mteja mwaminifu hatakasirika kungoja dakika moja. Mwenye haraka ya kupita kiasi ndiye wa kuangaliwa mara mbili.

Kwa mnunuzi: soma jina la mpokeaji

Kabla ya kukamilisha malipo, jina la mpokeaji huonekana kwenye simu. Lisome. Kama si la duka, ghairi papo hapo. Ikiwa umetumia M-Pesa na pesa zimeenda kwa mtu asiyehusika, tuma ule ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja, kabla hajazitumia. Ukichelewa, kuzirudisha kunakuwa kazi ngumu.

Wiki hii, kabla mvua haijawarudisha kwenye benchi, kubalianeni mambo matatu: nani anashika laini, nani anakagua daftari, na siku gani mtanunua uzi wa bechi moja. Siku hiyo, mmoja asome lebo na mwingine asome jina kwenye simu. Ndipo mlipe.