Siku Tatu za Wagibeoni: Tusikubali Kuharakishwa na Simu

Somo: Yoshua 9:3-16



Watu wa Gibeoni walipoogopa Israeli hawakushika mikuki. Walishika magunia yaliyochakaa, viriba vya divai vyenye kushonwa, viatu vya viraka na mkate mkavu wenye ukungu. Wakafika Gilgali wakasema wametoka nchi ya mbali. Wazee wakatazama ule mkate, wakausadiki. Hawakumuuliza Bwana. Yoshua akafanya nao agano, na wakubwa wakaapa.

Siku tatu baadaye habari ikafika: wale watu ni majirani. Lakini kiapo kilikwisha kutoka kinywani, na hakikuweza kurudi.

Tuangalie hapo vizuri. Siku tatu tu! Kama wazee wangesema, “Laleni hapa, tutawajibu wiki ijayo,” uongo ungejifunua wenyewe. Mudanganyifu yeyote anajua jambo hili. Ndiyo sababu silaha yake ya kwanza si maneno matamu. Ni haraka.

Leo sanduku letu la pesa ni simu. M-Pesa ilianza Kongo mwaka 2012, na wengine wetu wanatumia Airtel Money au Orange Money. Tangu benki za Goma na Bukavu zilipofunga milango mwanzoni mwa 2025, familia nyingi huko zimeitegemea simu zaidi kupokea msaada wa ndugu. Pesa ya minerval, pesa ya dawa na akiba ya AVEC zinapita humo. Na pesa ikishatumwa na kutolewa kwa ajenti, kuirudisha ni vigumu kama kile kiapo.

Mkate wenye ukungu wa siku hizi

Wa kwanza ni pesa ya makosa. Tuseme mama mmoja anayetunza pesa ya AVEC anapata ujumbe: amepokea dola 50. Dakika ileile simu inalia: “Mama, nimekosea namba, ni pesa ya mgonjwa, nirudishie upesi!” Ujumbe ule mtu ameuandika mwenyewe. Hakuna pesa iliyoingia. Mama akituma dola 50, anatuma za wenzake. Ujumbe si shahidi. Shahidi ni salio, yaani solde, ambalo unalitazama mwenyewe katika menyu ya simu yako. Na hata ukikuta pesa imeingia kweli, usiirudishe kwa mkono wako. Mwambie aliyetuma aende kwa kampuni yake ya simu, nayo itashughulikia kosa. Ukiirudisha mwenyewe, naye akaomba kampuni iondoe ile ya kwanza, utalipa mara mbili.

Wa pili ni mfanyakazi wa kampuni ya simu. Anasema akaunti yako inafungwa leo, au umeshinda promosheni, basi umpe namba ya siri, ile PIN. Kampuni haihitaji PIN yako. PIN ni ufunguo wa nyumba, na fundi wa kweli haombi ufunguo kwa simu. Vilevile ajenti asikubonyezee PIN yako. Bonyeza wewe mwenyewe, ukifunika kwa mkono.

Wa tatu ni sauti ya mchungaji. Mtu anakuomba umsomee namba sita zilizoingia katika simu yako, eti zimetumwa kwako kwa makosa. Namba hizo ndizo mlango wa WhatsApp yako. Ukimpa, anaingia kwa jina lako na kuandikia kwaya, wazee na ndugu wa Ulaya: “Niko hospitalini, nisaidieni.” Akimpata mchungaji, anapata kanisa zima. Ingia leo katika mipangilio ya WhatsApp, uwashe uthibitisho wa hatua mbili, uweke namba unayoijua wewe tu.

Wa nne ni kazi na safari. Vijana wetu wanaitwa kwa kazi ya ONG, lakini kwanza walipe pesa ya dosye. Wakimbizi wanaambiwa majina yao yamechaguliwa kwenda Kanada au Marekani, walipe ya fomu. Msaada wa HCR, pamoja na ule wa kupelekwa nchi nyingine, ni bure. Anayekuuzia nafasi hiyo ni mwizi, hata kama amevaa kofia yenye alama.

Wa tano ni pesa inayozaa haraka. Wazazi wetu wa Kinshasa wanakumbuka Bindo. Watu waliweka pesa wakitumaini kurudishiwa mara nyingi zaidi. Waliotangulia walilipwa kwa pesa ya waliofuata, na mwaka 1991 ilipoanguka, wengi walibaki mikono mitupu. Leo mchezo uleule unakuja kwa jina jipya, ndani ya simu. Uliza swali moja: faida hii inatoka katika kazi gani? Kama jibu ni “leta watu wengine,” hiyo si biashara.

Kuuliza si kukosa imani

Tuko na jaribu letu sisi watu wa kiroho. Mtu anapiga simu akijiita nabii: “Bwana amenionyesha ajali katika nyumba yako. Tuma mbegu kabla ya saa kumi na mbili, na usimwambie mtu.” Mpendwa anatetemeka. Anafikiri akiuliza, atamhuzunisha Roho Mtakatifu.

Hapana, wapendwa. Yoane katika barua yake ya kwanza, sura ya 4, anatuagiza tuzijaribu roho. Watu wa Beroya katika Matendo 17 walisifiwa kwa sababu waliyachunguza Maandiko kila siku, waone kama Paulo anasema kweli. Ikiwa mtume alichunguzwa na Mungu akapendezwa, sembuse namba isiyojulikana? Kosa la wazee wa Gilgali si kwamba waliuliza sana. Ni kwamba walimpita Mungu bila kumuuliza.

Neno la Bwana haliogopi kesho. Kama ni lake, litakuwa kweli hata baada ya kuomba, na hata baada ya mzee wa kanisa kulisikia. Anayekataza usimwambie mtu amekwisha kujitaja. Na redio haimpigii msikilizaji simu kumuuzia maombi. Mtu akifanya hivyo kwa jina letu, kata simu utujulishe.

Siku tatu zetu

Tufanye hivi. Simu ikija na haraka, kata. Kisha piga wewe mwenyewe namba unayoijua tangu zamani, ya mchungaji, ya ndugu au ya kampuni, si ile anayokupa. Tazama salio. Mwambie mtu mmoja unayemwamini: mume, mke, mtoto aliyesoma, kiongozi wa kikundi. Na kama ni pesa nyingi, ilale usiku mmoja. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka.

Watunza pesa wa AVEC na wa kwaya wapatane: hakuna pesa inayotoka kwa simu ya mtu mmoja kabla watu wawili hawajasemezana kwa mdomo.

Na kama umekwisha kudanganywa? Usifute ujumbe. Pigia kampuni yako ya simu palepale. Pengine pesa haijatolewa bado na inaweza kuzuiwa. Badilisha PIN. Nenda polisi ukiwa na ujumbe huo, maana ulaghai ni kosa katika sheria ya Kongo. Halafu sema kanisani. Aibu ndiyo inayomlisha mwizi: wewe ukinyamaza, kesho anapigia jirani yako kwa maneno yaleyale.

Nasi tunaosikia, tusimcheke aliyeibiwa. Yoshua aliona Yordani ikikauka na Yeriko ikianguka, na bado alidanganywa na mkate. Aliyeanguka tumwinue, tumsaidie kupata minerval ya watoto, na tujifunze kwake.

Bwana atupe moyo wa upole na macho yaliyo wazi. Amina.