Mtoto keshavushwa Ruvuma, utamdai wapi?

WIKI hii nakupa siri ya nyumbani kwetu, maana naona mchezo huu wa kuibiana watoto bado unawaliza wengi.

Ilikuwa Desemba 2015, hapa Mtwara mjini. Shemeji yangu, Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, alikuja kumchukua binti yake wa miaka minne. Yeye na dada'angu walikuwa wameshaachana, lakini bila ugomvi wa kutisha. "Nakwenda kumnunulia nguo za sikukuu, Jumapili namrudisha," alisema. Dada akampakia mtoto magauni mawili kwenye kimkoba, akampungia mkono.

Jumapili ikapita. Jumatatu simu haipatikani. Jumatano habari zikatufikia: mtoto kaonekana Kilambo akipanda boti na baba yake, sasa yuko kwa bibi yake Palma, Msumbiji.

Na mimi ni nani katika kasheshe hii? Mjomba! Kwa mila zetu Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Damu ikanichemka. Nikawatafuta washikaji wawili wenye boti Msimbati, tukapanga: usiku tunapita mdomoni mwa Ruvuma, tunamnyakua mtoto, alfajiri tuko nyumbani. Kwangu mimi huo haukuwa wizi. Tunachukua chetu, basi!

Bahati nzuri dada aliniburuta kwanza kwa mwanasheria mmoja, mama wa makamo. Akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Wanangu, mna karatasi ya mahakama inayosema mtoto akae na nani?"

Kimya. Dada hakuwahi kwenda mahakamani. Ya nini, wakati mtoto alikuwa kwake siku zote?

SHERIA INASEMAJE?

Hapo ndipo nilipoanza darasa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mahakama itazame kwanza maslahi ya mtoto. Inachukulia pia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vyema akae na mama, isipokuwa ithibitike vingine. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria kwa mtu anayemlea kihalali. Kuwa baba mzazi siyo kibali!

Tatizo ni mto. Ukishavuka Ruvuma, hakimu wa kule anafuata sheria za kwao.

"Kwani hakuna mkataba?" nikadakia.

Upo, Mkataba wa Hague wa mwaka 1980, kwa watoto wa chini ya miaka 16. Chini ya mkataba huo, mahakama ya nchi aliyopelekwa mtoto haiulizi nani mzazi bora. Inamrudisha mtoto alikokuwa akiishi, halafu mahakama za huko ndizo ziamue. Mzazi akidai kabla ya mwaka mmoja kupita, kurudishwa ndiyo kanuni, labda kuwe na sababu nzito kama hatari kubwa kwa mtoto. Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini zimo. Tanzania na Msumbiji hazimo.

Nchi zetu mbili zimeridhia Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao unazitaka serikali kuzuia watoto kutekwa na mtu yeyote, hata mzazi. Lakini haukuweka njia ya haraka ya kumrudisha mtoto.

"Na wewe mjomba mtu," mama yule akanigeukia, "ukienda na boti usiku, kule mwizi utakuwa wewe. Na mtoto atakuwa kaibwa mara mbili."

Niliishiwa maneno.

WAZEE WAKAVUKA MCHANA

Dada akafungua shauri la malezi. Wakati huohuo wazee wetu wakavuka mchana kweupe, wakakaa mkekani na wazee wa Palma. Huko ndiko tuliposikia kilichomtuma shemeji: alidokezwa kwamba dada anahamia Dar, akaogopa hatamwona tena mwanawe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Wakakubaliana: mtoto akae na mama, likizo aende kwa baba. Yakaandikwa, yakapelekwa mahakamani.

Mtoto alirudi Machi 2016. Dada alifungua mikono. Mtoto akajificha nyuma ya kanga ya bibi yake, akimwangalia mama kama mgeni. Siku ile mjomba mwenye sauti nililia hadharani. Na nikikumbuka kuwa Machi 2021 wapiganaji waliivamia Palma na maelfu ya watu wakakimbia, mwili unanisisimka.

Sasa wewe kijana uliyezaa na mtu wa nchi nyingine, mkiachana usingoje. Nenda mahakamani mtoto akiwa bado yuko nyumbani. Omba amri ya malezi, na ukiwa na wasiwasi omba azuiwe kutolewa nchini, kisha nakala ipeleke Uhamiaji. Cheti cha kuzaliwa kitunze mwenyewe. Na wewe usiyekaa na mtoto, ukiogopa kunyimwa, mahakama inaweza kukupa haki ya kumtembelea. Idai huko, usiidai kwa boti.

Ruvuma huvukwa kwa dakika chache tu. Kumrudisha mtoto kulituchukua miezi mitatu, na sisi tulikuwa na bahati. Au vipi, msomaji?