Uji Mzuri, Utumbo Mgonjwa

Katika eneo maalumu la viwanda jijini Kigali husagwa unga wa Shisha Kibondo, mahindi na soya yaliyoongezwa vitamini na madini, ambao watoto wa familia maskini hugawiwa bure kwenye vituo vya afya. Ni mpango mzuri, na udumavu umepungua. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2019/20 ulikuta asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka 5 wamedumaa.

Kwa nini uji pekee hautoshi? Sehemu ya jibu imo utumboni. Huko, chakula na mwili vimetenganishwa na safu moja tu ya seli. Juu yake umetanda ute, na ndani ya ute huo kinga humwaga kingamwili ziitwazo IgA, zinazowanasa bakteria na kuwaweka mbali na seli bila haja ya kuwaua. Wengi wao ni wenyeji wema: hula nyuzinyuzi za maharage na mboga, kisha hutoa asidi zinazolisha seli za utumbo mpana na kuituliza kinga. Mtoto mchanga huanza kupata IgA hizo katika maziwa ya mama, pamoja na sukari ambazo yeye mwenyewe hawezi kumeng'enya. Sukari hizo ni riziki ya bakteria wake. Mama ananyonyesha mtoto na wenyeji wake kwa pamoja!

Sasa mtazame mtoto anayetambaa uani penye kinyesi cha kuku, akitia vidole mdomoni. Pengine haharishi kabisa. Lakini kinga yake haipumziki: vijinyama vinavyofyonza chakula hufupika, seli huachiana, mabaki ya bakteria hupenya ndani, na nguvu za kukua huishia vitani. Uji anakunywa, faida haionekani.

Hata chanjo huathirika. Rwanda ilianza kutoa matone ya rotavirusi mwaka 2012, na watoto waliolazwa kwa virusi hivyo wakapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini chanjo hiyo hukinga vizuri zaidi Ulaya kuliko Afrika, na utumbo uliochoka ni mojawapo ya sababu zinazoshukiwa.

Je, usafi unatosha? Jaribio kubwa la magharibi mwa Kenya, lililotangazwa 2018, lilionyesha kuwa klorini, vyoo vilivyoboreshwa na kunawa mikono havikuongeza kimo cha watoto. Kwangu mimi, hilo si hoja ya kuacha usafi. Ni hoja ya kuacha usafi wa nusunusu: watoto hawa wanahitaji maji ya bomba nyumbani, sakafu ngumu na kuku waliofungiwa, pamoja na ule uji.