Safari ya Thailand: Nani Anakulipia Nauli?

Jioni moja kijana tuliyemfundisha zamani alitujia nyumbani, simu mkononi, uso umejaa furaha. "Mwalimu," akasema, "nimepata kazi Thailand."

Tukayasoma maneno yale pamoja. Kazi ni kuwajibu wateja kwa kompyuta. Mshahara unapita ule wa walimu kadhaa wa Uvira. Nauli ya ndege, chakula na malazi ni bure. Kinachotakiwa ni Kiingereza kidogo, pasipoti, na kuondoka upesi.

Tukamwuliza: "Mwanangu, ni nani anayekulipia nauli?" Hakujua jina lake. Alijua namba ya simu tu.

Wasomaji wapenzi, hatusemi kwamba kusafiri ni vibaya. Watu wa pwani hii ya Tanganyika ni wasafiri tangu zamani, na Thailand ni nchi nzuri inayopokea mamilioni ya wageni kila mwaka. Tena twaijua shida inayowasukuma vijana wetu. Desemba 2025, wapiganaji wa M23 walipouingia mji wa Uvira, maelfu ya watu walikimbilia Burundi na mpaka ukafungwa. Aliyepoteza nyumba na masomo yake huvutwa upesi na neno la kazi. Mlaghai naye alijua hilo kabla yetu.

Basi yafaa tujue yaliyowapata jirani zetu. Tangu 2022 serikali ya Kenya imewaonya raia wake juu ya kazi za uongo za Thailand. Vijana walipokelewa vizuri uwanja wa ndege wa Bangkok, wakapakiwa garini, wakasafirishwa yapata kilomita 500 mpaka mji wa Mae Sot. Hapo upo mto uitwao Moei, utenganishao Thailand na Myanmar, kama vile Ruzizi yetu itenganishavyo Kongo na Burundi. Wakavushwa usiku. Ng'ambo, karibu na Myawaddy, wakafungiwa katika maboma yenye kuta na walinzi.

Kazi waliyoikuta huko ni wizi. Walilazimishwa kuandikiana na watu wa nchi za mbali, kujifanya marafiki au wachumba, na kuwanyang'anya fedha. Aliyekataa alipigwa. Aliyetaka kurudi aliambiwa alipe kwanza deni, na deni lenyewe ni ile nauli aliyoambiwa kuwa ni bure! Wahenga walisema kweli: rahisi ni ghali.

Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba watu wasiopungua 120,000 huenda wakawa wameshikwa hivyo katika Myanmar, na wengine kama 100,000 katika Kambodia. Februari 2025 Thailand ilikata umeme na mafuta yaliyokuwa yakienda sehemu hizo za mpakani, na baadaye watu kama 7,000 wakatolewa mabomani. Miongoni mwao walikuwamo Waethiopia wengi, na Wakenya pia.

Mababu zetu waliwaona watu wakivushwa ziwa hili kwenda Ujiji wamefungwa minyororo. Siku hizi mtu hufungwa kwa deni na kwa pasipoti iliyofichwa. Ndiyo sababu, tangu 2015, Kanisa huwaombea watu wanaouzwa kila tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Bakhita, ambaye mwenyewe aliuzwa utumwani akiwa mtoto.

Je, anayetaka kwenda Thailand apangeje safari yake? Kwanza, hati. Pasipoti itoke serikalini, na jina liwe lako kweli. Sisi Wakongo twahitaji viza. Viza ya utalii hairuhusu kazi hata siku moja. Mwajiri wa kweli hutayarisha karatasi zake, nawe huomba viza ya kazi, ile ya kundi B, kabla ya kuondoka. Kisha hupewa kibali cha kazi. Mtu akikuambia, "Waambie uwanja wa ndege kwamba u mtalii," jua kwamba amekwisha kukudanganya. Thailand ina ubalozi Nairobi, waulize wenyewe.

Pili, afya. Atokaye Kongo lazima aonyeshe cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kufika. Aidha, tangu 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza fomu ya kuingia kwa intaneti katika siku 3 za mwisho kabla ya kufika. Fomu hiyo haina malipo. Anayekudai fedha kwa ajili yake ni mwizi.

Tatu, njia. Wengi wetu hupitia Kavimvira na Gatumba mpaka uwanja wa ndege wa Bujumbura, kisha Addis Ababa, kisha Bangkok. Kabla ya kupanga siku, uliza kama mpaka u wazi.

Nne, na hili ndilo kubwa: fedha ya kurudi. Iwe yako, na mwajiri asiijue. Waachie wazazi nakala ya pasipoti, mkataba, na anwani ya kazi. Kubalianeni neno moja la siri, ili ukilitamka katika simu wajue kwamba umo hatarini. Andika namba 1155, ya polisi wa watalii wa Thailand, na 1300, ya kuomba msaada huko. Na gari likiupita mji ulioandikwa katika mkataba, omba msaada ungali upande wa Thailand, kabla hujavushwa mto.

Nanyi wazazi, msiuze shamba wala mtumbwi kwa ajili ya barua ya simu. Someni mkataba pamoja na mtu anayejua. Kuuliza si ujinga.

Yule kijana wetu alimwandikia bwana wake: "Nitumie mkataba, na mwalimu wangu anataka kusema nawe." Siku ile ile namba ikanyamaza. Kijana alilia, nasi hatukumcheka, maana tumaini lilikuwa la kweli ingawa kazi ilikuwa ya uongo. Hata leo anatafuta kazi. Lakini jioni hurudi kula kwa mama yake.